Santuri Zilizoanikwa na Kahawa

Watu wakisikia habari za santuri za kaka yangu huuliza kwanza kama tulilipwa. Nikisema kuna kitu tulitumiwa, wanatikisa kichwa kwa kuridhika, wanaona mambo yamekwisha. Hapo ndipo hasira yangu huanza upya. Hela sikuidai mimi. Nilichodai ni sauti ya mtu mmoja akisema maneno machache, maneno ambayo hayamalizi hata muda wa kufunga kifungo cha shati. Mimi ni fundi cherehani hapa Kayanga, muda wa kufunga kifungo naujua.

Kaka alikuwa mtoto wa kwanza wa mama yetu, mimi wa mwisho. Nilipokuwa bado shule ya msingi, yeye alikuwa akizunguka Karagwe na Kyerwa na kinanda cha umeme alichokipata kikiwa kimeshachoka, jenereta la kuazima, na spika mbili alizozigongelea mbao mwenyewe. Alipiga harusini, alipiga siku za mnada, alipiga popote palipokuwa na uwanja na watu wa kuujaza. Alichokipiga alikiita disko. Leo nasikia kinaitwa hausi, tena ya zamani, tena ya nadra, na kwamba vijana wa nchi za baridi wanaitafuta usiku na mchana. Kwetu Mabira ilikuwa ni kelele za jenereta na za kaka.

Lakini kelele zile zilikuwa na akili. Kinanda kilikuja na mapigo ya ngoma ndani yake, na mapigo hayo ya kiwandani kaka hakuyapenda, alisema yanatembea kama askari kwenye gwaride. Siku moja alikaa pembeni ya mtumbwi wa kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi, wajomba zetu wamo ndani wanakanyaga ndizi mbivu na nyasi, akawa anagonga goti lake kuifuata miguu yao. Mguu mmoja unazama mzito, wa pili unanasa kwenye ndizi na kuchelewa kidogo kutoka. Ule uchelewaji ndio aliokuwa anautaka. Aliutafuta kwenye vitufe vya kinanda mpaka akaupata, na watu walipousikia uwanjani hawakuhitaji kufundishwa namna ya kuucheza, kwa sababu miguu yao ilishaifanya kazi hiyo miaka yote.

Wimbo mmoja wa namna hiyo aliurekodi kwenye kaseti, chumbani kwake, mlango umefungwa na kuku wamefukuzwa. Kabla ngoma haijaingia, anasema kwa Kinyambo maneno aliyozoea kusema mlangoni kila aliporudi kutoka kupiga. Kwa Kinyambo mama huitwa mawe, kwa hiyo maneno yenyewe ni haya: "Mawe, ni mimi. Nifungulie, nina njaa." Halafu anacheka kidogo, halafu mguu wa kwanza unazama kwenye ndizi. Nakala moja alimpa dereva wa lori, kaseti halisi akabaki nayo. Mvua za mwaka uliofuata pikipiki iliteleza naye kwenye mteremko, akafa akiwa hajaoa.

Kaseti akaichukua mama. Muziki wenyewe hakuupenda hata siku moja, yeye ni mtu wa kwaya. Ila kila Krismasi na kila Pasaka, tukishatoka kanisani na kula, aliitoa kwenye kitambaa chake, akaiweka kwenye redio ya kaka, akasikiliza yale maneno ya mwanzo, na ngoma ilipoanza tu akazima. Kisha aliirudisha nyuma kwa kalamu, taratibu, ili redio isiile, akaifunga tena. Watoto wa nyumba ile walijua kwamba kucheka wakati wa kaseti ni kosa kubwa kuliko kucheka kwenye sala.

Ile nakala ya dereva ikazurura mpaka Kampala, na huko akaisikia mzungu mmoja anayekusanya muziki wa zamani wa kucheza na kuutoa upya kwenye santuri, zile sahani nyeusi ambazo babu zetu walizicheza kwenye gramafoni na sisi tukadhani zimezikwa nao. Nakala yenyewe ilikuwa mbovu, mwanzo wake umeshaliwa. Akauliza, akaulizia, mpaka akafika Mabira akiwa na kijana mkalimani kutoka Dar es Salaam. Mimi nilikuwa huku Kayanga nashona sare za shule. Nilipigiwa simu wageni wameshaondoka.

Mama aliwapokea kama wageni wanavyopokewa. Aliwapa kahawa ya kutafuna, akawapikia ndizi, akawasikiliza. Walimwomba kaseti, wakaisafishe sauti, kisha wairudishe. Nyumbani kwetu mgeni aliyetoka mbali haondoki mikono mitupu. Anapewa entanda, chakula cha njiani, hata kama ni parachichi mbili na maboga. Mama akawapa mkungu wa ndizi, na juu ya mkungu akawapa kaseti, ikiwa ndani ya kitambaa chake kilekile. Nimegombana naye kwa ajili ya siku ile kuliko tulivyowahi kugombana kwa jambo lolote, na jibu lake ni lilelile, kwamba waliomba vizuri. Ni kweli waliomba vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mwizi angekuja usiku angekuta mlango umefungwa.

Kaseti haikurudi. Baada ya miezi mingi ya kuulizia, mkalimani alinitumia ujumbe wa sauti, mpole kama mtu wa pole za msiba, akaniambia kwamba utepe ulikatika kwenye mashine yao, lakini nisiwe na wasiwasi, sauti ilikuwa imeshachukuliwa yote, tena safi kuliko mwanzo. Nikamwambia sawa. Kama sauti mnayo, nitumie kwenye simu, mama aisikie, tumalize.

Akasema haiwezekani.

Nilidhani ni mtandao. Akanieleza, na maelezo yake nimeyasikiliza mara nyingi nikitafuta mahali pa kuyaelewa. Wimbo ule utatoka kwenye santuri tu. Hautawekwa mtandaoni, hautatumwa kwenye simu, hautakuwepo popote isipokuwa kwenye sahani, na sahani zenyewe chache. Watu wa kazi hiyo wanaamini kwamba simu inaua muziki na santuri inaupa joto. Wanunuzi wao wanataka kuwa na uhakika kwamba walichokishika wao hakizagai ovyo, na kampuni imewapa neno lake. Nikasema mimi sitaki wimbo, nataka mwanzo wake tu, kabla ya ngoma, kaka yangu akimwita mama yake. Akasema atauliza. Jibu lililorudi lilikuwa kwamba tuwe na subira, familia itatumiwa santuri zake.

Yaani wapo watu duniani walioahidiana kwamba sauti ya kaka yangu isizagae. Isizagae wapi? Mabira? Walikuja wakaichukua kwa mama yake, wakaikata utepe, kisha wakawa wanailinda isimfikie, na kwao hiyo ndiyo heshima. Nilirusha simu kitandani siku hiyo, maana kuirusha chini ningejiumiza mwenyewe.

Katikati ya hayo mteja wangu mmoja, binti wa chuo, alinionyesha video fupi aliyoikuta mtandaoni. Ukumbi kama ghala, taa za bluu, wazungu wamebanana, na dijei ameinua santuri juu watu waione kabla ya kuicheza. Ngoma ilipoingia niliijua kwa magoti kabla ya masikio. Wajomba wale, ndizi zile, na mguu ule unaochelewa. Aliyerekodi alikuwa ameanza katikati, na juu ya yote watu wanapiga mayowe. Binti akaniuliza kama nimefurahi. Nilimwambia asimame wima nimpime kiuno.

Krismasi ya kwanza bila kaseti, mama alikaa kwenye kiti chake baada ya chakula, mikono imelala tu mapajani. Nilimuuliza kama anaumwa. Akaniambia jambo ambalo sijamsamehe mtu yeyote kwa ajili yake tangu siku hiyo.

"Sura yake ninayo, iko ukutani pale," alisema. "Sauti imenitoka. Nilidhani inakaa kwangu, kumbe ilikuwa inakaa kwenye kaseti."

Kifurushi kilifika mwaka huu masika yakielekea kuisha. Ndani zilikuwamo santuri kadhaa, nzito, nyeusi, zinazong'aa, kila moja kwenye jalada lake la karatasi ngumu. Siwezi kusema hazikuwa nzuri. Mtu aliyezitengeneza alikuwa na mapenzi na kazi yake, hilo fundi hulijua kwa kugusa kingo. Lakini kwenye jalada walikuwa wamechora minazi. Minazi, Kyerwa! Nina hakika kaka alikufa bila kuushika mnazi kwa mkono wake. Na ndani, karatasi yenye maelezo marefu juu ya mashine ya ngoma na mapigo yake, ambayo binti wa chuo alinitafsiria, haikuwa na mtumbwi wa rubisi wala wajomba, na mama hakutajwa hata kama mpika ndizi.

Sasa santuri tunazo, tunazichezea wapi? Niliuliza Kayanga nzima. Mafundi redio walinicheka. Igurwa kulikuwa na mwalimu mstaafu mwenye gramafoni ya baba yake, nikaenda mpaka kwake, nikaikuta imefunikwa kitambaa cha kufuma na imewekewa chungu cha maua, sindano haipo tangu zamani. Mwishowe nikamwendea rafiki wa kaka, yule aliyekuwa akimbebea spika, ambaye siku hizi anakodisha muziki wa harusi kule Ihanda. Alizigeuza santuri mikononi, akazinusa, akafuta macho kwa mgongo wa mkono kisha akaanza utani, ndivyo alivyo.

"Dada, tumetumiwa magurudumu," aliniambia. "Gari wamebaki nalo."

Ila hakukaa bure. Kupitia kwa fundi mmoja wa Bukoba alipata mashine ndogo ya kuchezea santuri, ya kufungwa kama begi, inayoweza kutumia betri. Tukakubaliana nizipeleke santuri Mabira kwanza, mama akae nazo, na yeye akishaipata mashine tuende pamoja. Alinipa onyo moja tu, nisiziweke karibu na joto. Maji hayazidhuru, alisema, zikilowa unafuta kwa kitambaa safi basi. Jua ndilo linaloziua.

Onyo hilo nilimpa mama. Mama asubuhi ile baada ya nyumba kuvuja alikuwa ameshakwenda kanisani.

Anaishi na shangazi, dada wa marehemu baba, mjane, mtu ambaye maisha yake yote yamepita kwenye kahawa. Kwetu kahawa huanikwa na maganda yake, na anayeanika hafanyi kazi nyingine ya maana. Anatandaza asubuhi, anageuza kwa viganja, anafukuza kuku, anatazama mawingu, na tone la kwanza likianguka nyumba nzima inakimbia kufunika. Kitu kilicholowa kikiachwa ndani kinaota ukungu, na kahawa yenye ukungu hakuna anayeipokea. Shangazi amelala na kuamka na jambo hilo. Mvua ya usiku ilikuwa imepita kwenye bati, ikashuka moja kwa moja juu ya kifurushi. Asubuhi alikuta majalada yamevimba, karatasi zimeshikana, maji yanadondoka. Jua lilikuwa limetoka kali, kama linavyotoka baada ya mvua ya mwisho. Akafanya anachokijua. Alizitoa santuri zote, akazipanga kwenye turubai kati ya kahawa ya kwanza ya msimu, na akakaa nazo.

Tulifika saa nane mchana, mimi na rafiki wa kaka, pikipiki mbili kutoka Nkwenda, mashine nimeipakata kama mtoto. Nilimwona shangazi kwa mbali amechuchumaa uwanjani. Alikuwa anazigeuza. Anaishika moja kwa ncha za vidole, anaipindua, anaipuliza vumbi, anakwenda kwa nyingine. Zilikuwa zimejikunja kingo kama jani la mgomba lililopitishwa motoni.

Sikumsalimia. Nililelewa kumpa shangazi shikamoo hata nikiwa na homa, na siku ile nilipita salamu zote nikaanza kupiga kelele tangu kwenye migomba. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Nilimwambia ameua mtu aliyekwisha kufa. Alibaki amechuchumaa, santuri mkononi, ananitazama kama mtu anayesubiri nimalize ili aelewe.

"Zilikuwa zimelowa," alisema. "Nimezigeuza tangu asubuhi, sijala. Hata moja haikukaa upande mmoja muda mrefu."

Mama, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kanisani, aliniambia ninyamaze na nimwamkie shangazi yangu. Nikamwamkia. Shangazi akasema marahaba, akaanza kuzikusanya santuri kwenye kanga yake, bado anazipuliza vumbi moja moja. Hapo nikaona aibu, lakini hasira haikupungua, ilikosa tu pa kukaa. Nani anamtumia mkulima wa kahawa kitu kinachokufa juani? Kwenye simu sauti isingelowa. Kwenye kaseti ileile, ikiwa kwenye kitambaa chake, kabatini, isingelowa. Waliokataa kunipa punje ya sauti kwa kuogopa isizagae wamelala salama huko waliko, na mwenye kosa uwanjani ni mwanamke aliyeshinda njaa akifukuza kuku.

Rafiki wa kaka alinipokea mashine, akatangulia ndani. Aliiweka mashine mezani, akaunganisha na betri ya sola, akaanza na ile iliyoonekana mbaya zaidi, ili ajifunze, alisema. Sindano ilipanda wimbi la kwanza la mkunjo, ikaruka, ikaangukia kwenye ngoma. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ilikataa kabisa kushikwa. Maneno ya kaka yapo mwanzoni, na mwanzo wa santuri uko ukingoni, na ukingo ndio uliojikunja, kwa hiyo kila moja ilitupa wajomba na ndizi kwa wingi, na mwenye wajomba hakuwemo. Shangazi alisimama mlangoni, hakuingia.

Ya mwisho ilikuwa imepinda kidogo kuliko wenzake. Rafiki wa kaka alibandika sarafu juu ya mkono wa sindano ili uwe mzito, akashusha taratibu. Kukatoka mkwaruzo, kisha kimya cha chumba, kile chumba chake, nilikitambua. Kisha kaka akasema, "Mawe, ni," na sindano ikagonga wimbi, ikarudi nyuma.

"Mawe, ni."

Ilikuwa sauti yake. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa na mafua kidogo siku ile. Ikazunguka, ikagonga, ikarudi. "Mawe, ni." Rafiki wa kaka akanyoosha kidole ausukume mkono mbele, upite pale penye wimbi, na mimi nikawa tayari nimeinuka kumsaidia, meno yamekazana, nikitaka hata neno moja zaidi, hata nusu ya neno.

Mama akanishika mkono.

"Msimsukume," alisema. "Mwacheni amalize."

Nilitaka kumwambia kwamba hatamaliza, kwamba hivyo ndivyo santuri inavyofanya ikipinda, kwamba pale ilipo itarudia mpaka tuizime. Nikamtazama usoni nikakaa. Kaka akamwita, naye akaitika, "Nipo, mwanangu." Akaita tena. "Nipo." Hakuchoka, wala hakuinua sauti. Alimpa kila mwito jibu lake, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa na anatafuta viatu gizani. Shangazi alikuwa ameingia, amekaa chini karibu na kiti cha mama, na mwito na jibu vikaendelea mpaka jua likahama dirishani.

Betri ilikuwa ya taa, si ya kazi ile. Ikaanza kuchoka. Sahani ikazunguka polepole, na sauti ikashuka nayo, ikawa nzito na ya chini, ikawa ya mwanamume wa makamo mwenye mke na watoto na kahawa yake, mtu ambaye kaka hakupata kuwa. "Mawe," akasema mtu huyo.

Mama akamwitikia na huyo.